Fitoplazma kwenye mahindi: mbegu inahusika au inasingiziwa?

Mwezi wa kwanza mjomba wangu wa Mbozi alinitumia picha tatu wasapu, mahindi ya kama wiki tano hivi, majani ya chini yamekuwa ya zambarau kuanzia nchani yakishuka na kingo, halafu picha ya nne ni pakiti tupu ya mbegu imewekwa juu ya udongo kama kidhibiti cha polisi. Chini kaandika: "Mjomba hebu angalia, si mbegu feki hii? Kuna mtu kwenye grupu kasema ni fitoplazma na inakuja na mbegu." (Yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, kwetu ndio hivyo.)

Nikamjibu "ngoja kidogo mjomba", kumbe hiyo kidogo ikawa siku nzima, maana hapo kuna maswali matatu yamefungwa fundo moja na watu huwa wanarukia la mwisho. Kwanza, huu ni ugonjwa kweli au ni rangi tu? Pili, kama ni ugonjwa, nani kauona na kauonaje? Tatu ndio linakuja la mbegu. Aliyemwambia mjomba kwenye grupu alianza na la tatu.

Tuanze na huyu mwenyewe. Fitoplazma ni bakteria, ila bakteria wa ajabu, hana ukuta wa seli kwa hiyo hana umbo la kueleweka, na anajua kuishi sehemu mbili tu duniani: ndani ya floemu, yaani ile mirija ya mmea inayobeba sukari kutoka kwenye majani, na ndani ya mwili wa mdudu anayefyonza hiyo floemu. Sehemu ya tatu hana. Mweke kwenye kisahani maabara umlishe vizuri kama bakteria wengine, hakui. Ndio maana kwa miaka mingi watu walidhani magonjwa yake yote ni ya virusi, mpaka mwaka 1967 huko Japani, Yoji Doi na wenzake walipoangalia miforosadi iliyodumaa kwa darubini ya elektroni wakakuta vijimwili vimejaa kwenye floemu, na wenzao wakaipa mimea tetrasaiklini ikapata nafuu. Virusi havijali antibaiotiki hata kidogo, kwa hiyo hapo ikawa wazi kuwa tulikuwa tunamsingizia mwingine.

Mwaka 2004, Wajapani haohao wakasoma jenomu, yaani maandishi yote ya DNA, ya fitoplazma mmoja wa vitunguu na ikaonekana ni fupi mno, herufi kama 860,000 wakati bakteria wa kawaida wa tumboni, E. coli, ana milioni 4 na laki 6 hivi. Ametupa karibu kila kitu. Hata jeni za ile mashine ya kutengeneza ATP, ambayo ndio jenereta ya seli, hana. Huyu ni sawa na mpangaji aliyejiunganishia umeme wa jirani kwa kishoka, hana mita, hana luku, na jirani akikatiwa naye giza. Likumbuke hilo tukifika kwenye mbegu.

Sasa anasafirije? Anabebwa na vidudu vidogo jamii ya vipanzi, wale wanaorukaruka ukipita kwenye majani, wanaochoma mdomo kwenye jani na kunywa. Lakini mdudu sio kama sindano chafu, kwamba amechoma hapa sasa hivi akichoma pale dakika hiyohiyo basi kaambukiza. Fitoplazma lazima avuke ukuta wa utumbo wa mdudu, azaliane, afike kwenye tezi za mate, na hiyo inachukua wiki mbili, tatu, hata nne kutegemea na mdudu na joto. Asipovuka utumbo, mdudu amembeba bure.

Na hapa Watanzania tuna kitu cha kujivunia ambacho hatukisemi. Pale Amani, milima ya Usambara, miaka ya 1930 mwanzoni, alikuwepo mtafiti Mwingereza anaitwa H. H. Storey akihangaika na ugonjwa wa milia ya mahindi. Huo ni wa virusi sio fitoplazma, ila mdudu wake, Cicadulina mbila, ni wa ukoo uleule wa vipanzi na yupo mashambani kwetu mpaka leo. Storey akagundua sio kila Cicadulina anaweza kuambukiza, kuna wanaozaliwa hawawezi na hali hiyo inarithiwa, halafu akafanya kitu ambacho mimi nikikifikiria mkono unanitetemeka: akachukua hao wasioweza, wadudu wa milimita chache, akawatoboa utumbo kwa sindano baada ya kula mmea mgonjwa. Wakaanza kuambukiza. Yaani virusi vilikuwemo tumboni muda wote, ila havikuwa na njia ya kutoka.

Kukutwa nacho ni kitu kimoja, kukiambukiza ni kitu kingine. Ugomvi wote wa mbegu umekaa hapo.

Twende Serbia kidogo, kwa sababu ndiko kwenye kesi ya fitoplazma wa mahindi iliyopelelezwa mpaka mwisho. Jimbo la Banat, kusini, mahindi yalikuwa yanakuwa mekundu: unaanza uti wa kati wa jani, linafuata jani zima, halafu bua, na gunzi linatoka na punje zimesinyaa kama meno ya mzee. Ugonjwa uliripotiwa huko tangu mwaka 1957, na kwa karibu miaka 50 ukawa na jina bila kuwa na mwenyewe, unaitwa tu wekundu wa mahindi. Halafu mlipuko wa 2002 na 2003 ukala kati ya asilimia 40 na 90 ya mavuno kwenye mashamba yaliyoshikwa. Hapo sasa watu wakaamka. Maabara zikamkuta fitoplazma wa kundi la stolbur, huyohuyo anayesumbua nyanya, pilipili, viazi na mizabibu kule Ulaya.

Wangeweza kuishia hapo wakaandika ripoti, lakini hawakuishia. Mwaka 2005 na 2006 wakakusanya wadudu shambani, aliyekuwa mwingi kuliko wote na mwenye fitoplazma akawa Reptalus panzeri. Bado hawakusema ndiye. Wakamfungia kwenye vizimba vya neti pamoja na mahindi safi, wakasubiri, mahindi yakawa mekundu, wakayapima, fitoplazma ni yuleyule. Hapo ndio wakatangaza. Na walipochimba chini wakakuta watoto wa mdudu huyu wanapitisha baridi kwenye mizizi ya ngano, sababu wakulima wa kule walikuwa wanapanda mahindi kisha ngano, mwaka huu hiki mwaka ule kile, kilimo cha mzunguko ambacho kila bwana shamba anakisifia. Kumbe mzunguko wenyewe ndio uliokuwa unamlea mtoto wa mdudu chini ya ardhi mpaka mahindi mengine yaote. Mbegu ya mahindi haikuwa na kesi yoyote pale.

Argentina nayo msimu wa 2023/24 ilipigwa vibaya, mpaka masoko ya nafaka ya kule yakashusha makadirio ya mavuno kwa mamilioni ya tani. Kule mdudu ni Dalbulus maidis, wao wanamwita chicharrita, na anabeba mchanganyiko: spiroplazma ambaye ni binamu wa fitoplazma, fitoplazma mwenyewe, na virusi juu yake. Huyu mdudu ni wa mabara ya Amerika kwa hiyo usimtafute Mbozi.

Turudi kwenye picha za mjomba. Wekundu au uzambarau kwenye hindi ni rangi inayoitwa anthosayanini, na mmea unaitengeneza sukari ikirundikana kwenye majani bila kwenda inakotakiwa. Sasa sukari inakwama kwa sababu nyingi! Floemu imezibwa na fitoplazma, ndio. Lakini pia fosforasi imepungua, au udongo ni wa baridi na maji yamejaa mizizi haivuti, au bua limevunjwa, au funza katoboa ndani, au mhindi haukubeba gunzi kwa hiyo sukari haina pa kwenda. Rangi ni ileile moja kwa yote hayo, ni kama homa, ukimwambia daktari nina homa hajajua kitu bado.

Ila kuna vitu vinasaidia kutenganisha. Upungufu wa fosforasi unashika mche mdogo, majani ya chini, kuanzia nchani na kingoni, na mara nyingi mvua ikitulia na mizizi ikishuka majani mapya yanatoka kijani kama hakuna kilichotokea. Fitoplazma anachelewa kuonekana, maana mpaka mdudu aje, afyonze, fitoplazma azaliane kwenye mmea, wiki zimeshapita, kwa hiyo hindi la wiki tano lote shamba zima kuwa zambarau kwa mara moja siku ya Jumanne, hapana. Na yule fitoplazma wa Amerika anafanya mmea uchanganyikiwe, unatoa machipukizi mengi ya pembeni, vigunzi vingi visivyo na punje, mmea mfupi kama kichaka. Hata hivyo kwa macho tu huwezi kuapa. Mimi mtu akiniambia kwa picha moja kwamba hii ni fitoplazma namwogopa.

Kuapa ni kazi ya maabara na maabara nayo ina mitego yake. Unachukua uti wa kati wa jani maana humo ndimo floemu ilimojaa, unakatakata, unasaga, unatoa DNA, unaiweka kwenye PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, na praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoshika kipande cha jeni ya 16S ya fitoplazma. Shida ya kwanza, fitoplazma hajasambaa sawa kwenye mmea, jani hili yupo lile hayupo, kwa hiyo majibu ya "hakuna" kutoka kwenye jani moja hayana uzito. Shida ya pili, wanakuwa wachache, ndio maana watu wanafanya PCR ya raundi mbili, ya kwanza kwa praima za P1 na P7, halafu unachukua tone la ile ya kwanza unaiingiza kwenye raundi ya pili kwa R16F2n na R16R2, na kama yupo unaona mstari kwenye jeli wa kama herufi 1,250. Ina nguvu sana hiyo, inanusa hata kidogo mno, na ndio ubaya wake pia, tone moja likirukia kwenye kichupa cha jirani basi kila mtu anaumwa, hata kile kichupa cha maji matupu.

Shida ya tatu ndio wengi hawaijui: praima hizi za jumla zinaweza kushika bakteria wengine wa kawaida kabisa wanaokaa juu ya mmea na kwenye udongo, kama hao Bacillus, zikatoa mstari unaofanana. Ukiangalia jeli tu ukashangilia umeliwa. Lazima kile kipande kisomwe herufi kwa herufi ndio ujue ni nani. Siku hizi pia kuna LAMP, njia nyingine ya kunakili DNA, inayofanya kazi kwa joto moja tu la nyuzi 60 na kitu bila mashine ya kupandisha na kushusha joto, na hii watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kenya, waliitengenezea fitoplazma wa majani ya ng'ombe na kuichapisha mwaka 2011. Nitayarudia hayo majani.

Haya, mbegu.

Chukua punje ya hindi lililokauka, kwangua ile ncha inaposhikana na gunzi, utaona kidoa cheusi. Wakulima wengi wanakitumia kujua hindi limekomaa. Pale ndipo bomba la mama lilipoishia. Floemu ya mama inafika hapo kwenye kitako cha punje na kukomea hapo, sukari inamwagwa, inavujia kwenye chembechembe za mtoto, ila bomba lenyewe halijaunganishwa na kiini. Na fitoplazma, yule wa umeme wa kishoka, anasafiri ndani ya bomba tu. Ili aingie kwenye kiini inabidi aruke nje ya dunia yake. Ukiongeza kwamba mmea mgonjwa sana wenyewe hauzai punje za maana, unaelewa kwa nini kwa miaka mingi vitabu viliandika tu kwamba fitoplazma hapiti kwenye mbegu, wakafunga faili.

Faili likafunguliwa tena. Mwaka 2002 watafiti wa Oman na Italia walikuta dalili za fitoplazma kwenye miche ya alfalfa, ile wanayolishia mifugo kule Oman, na kichwa cha ripoti yao kilikuwa swali: mbegu zimeambukizwa au zimechafuliwa tu? Mwaka 2003 Mexico ikapatikana DNA ya fitoplazma ndani ya viini vya nazi kutoka minazi iliyougua (watu wa pwani ugonjwa wa jamii hii mnaujua, nazi changa zinadondoka, makuti yanakuwa ya njano, kichwa kinaanguka unabaki mlingoti). Mwaka 2011 Italia wakaripoti DNA hiyo kwenye miche ya mahindi, nyanya na rapa (ule mmea wa mbegu za mafuta).

Kwa hiyo aliyemwambia mjomba hakutunga. Ila kati ya "DNA imeonekana" na "inakuja na mbegu" kuna safari ndefu. Ukisaga punje nzima ukaiingiza kwenye PCR umesaga na ganda, na ganda la nje la hindi sio la mtoto, ni mwili wa mama! Mama alikuwa mgonjwa, ganda lake litakuwa na mabaki yake, na DNA ya mfu inaitikia PCR sawa na ya aliye hai. Ndio maana jaribio la maana ni kuotesha: mbegu za mama mgonjwa, zilizosafishwa nje, ndani ya neti ambayo mdudu haingii, kisha unapima mche wenyewe, sio leo tu bali baada ya wiki na miezi, uone fitoplazma anaongezeka au anafifia, na mwisho umlete mdudu msafi afyonze huo mche uone ataambukiza mwingine. Ni ngazi ileile waliyopanda Waserbia na mdudu wao. Kukutwa, kukua, kuugua, kupitisha. Kwa mahindi, hizo ripoti za miche ni ngazi ya kwanza na labda kidole kimoja kwenye ya pili. Kwa maoni yangu inatosha kufanya wazalishaji wa mbegu wang'oe mimea yenye dalili kwenye mashamba yao, haitoshi kumwambia mkulima kuwa pakiti yake ndio mchawi.

Na hata mbegu ikipitisha kidogo, hiyo kidogo inapimwaje? Tuazime hesabu kwa jirani. Ule ugonjwa wa virusi ulioanza kuua mahindi Bomet, Kenya, mwaka 2011, kirusi chake kimoja kiliwahi kujaribiwa Hawaii kwenye mbegu, ripoti ikatoka 1991: miche 17 iliyoambukizwa kati ya 42,000. Hiyo ni asilimia 0.04. Unaona ni kichekesho? Sasa eka moja ukipanda sentimita 75 kwa 25 punje mojamoja unapata mashimo kama 21,000, na asilimia hiyo inakupa mimea minane hivi yenye ugonjwa, imetawanyika kila kona, kila mmoja ni meza imeandaliwa wadudu waje kula na kusambaza. Minane inatosha kabisa.

Halafu jaribu kuikamata. Ukichukua punje 400 kwenye shehena yenye asilimia 0.04 ukazipima zote bila kosa hata moja, nafasi ya kupata angalau moja iliyoambukizwa ni kama asilimia 15 tu, kwingine kote utaandika cheti cha "safi" kwa moyo mweupe. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 inabidi upime punje karibu 7,500, kwa mafungu bila shaka maana hakuna atakayesaga mojamoja. Kwa hiyo mtu akikwambia mbegu imepimwa haina kitu, muulize punje ngapi.

Wakati sisi tunabishana kuhusu mbegu, huku Afrika Mashariki fitoplazma kapita mlango wa mbele, kwenye majani ya tembo, mabingobingo, Wakenya wanaita nepia. Magharibi ya Kenya, Bungoma na jirani zake, mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wakaanza kuona nepia ikikatwa inachipua mifupi, myembamba, ya njano, kila ukikata inazidi, mpaka shina zima linakufa. Mwaka 2004 ikathibitishwa ni fitoplazma, na 2009 icipe wakamtaja mdudu, kipanzi kinaitwa wakati ule Recilia banda. Lakini mdudu ni nusu ya habari, nusu nyingine ni sisi wenyewe, kwa sababu nepia haipandwi kwa mbegu, inapandwa kwa pingili, na pingili ni kipande cha mama na bomba lake zima, floemu inaendelea kama kawaida na mpangaji yumo ndani hajaamka hata usingizini. Mbaya zaidi pingili yenyewe inaweza kuonekana nzuri tu, dalili zinangoja mpaka ukate mara ya kwanza au ya pili ndio zitoke, wakati huo umeshawagawia majirani watatu. Na nepia ni nyasi, ukoo mmoja na mahindi, mtama na mpunga, halafu watu wanaipanda kuzunguka shamba la mahindi ili ivute nondo wa funza.

Nilimwambia mjomba yote haya kwa voisi noti nne, nadhani alisikiliza moja. Nikamwambia aache kung'oa, asiende kugombana na mwenye duka, anitumie picha ya majani mapya baada ya wiki tatu. Alituma. Kijani, mapana, yale ya zambarau yamekauka chini huko hakuna anayeyajali tena, mvua zilikuwa zimepungua na mbolea ya kupandia ameongezea kidogo.

Kwenye kona ya picha, mpakani mwa shamba, nikaona mstari wa mabingobingo, na katikati yake mashina kama manne mafupi ya njano. Nikamuuliza hayo aliyatoa wapi.

"Hayo sikununua mjomba, jirani kanipa bure. Kwani nayo fosforasi?"